Stesheni zatoweka, picha zabakia shahidi wa reli ya kale

MNAMO Aprili 1909, garimoshi lililotoka Mombasa lilisimama katika kituo kidogo cha Kapiti, kwenye mbuga iliyo baina ya Konza na Athi River, likamshusha Theodore Roosevelt. Alikuwa ameondoka katika kiti cha urais wa Marekani wiki chache tu zilizotangulia, na alikuja Afrika Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa niaba ya taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington.

Kwa sehemu ya safari hiyo Roosevelt hakuketi ndani ya behewa. Yeye na wenzake walikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini, juu ya chuma cha kuwaondoa wanyama relini, ili waitazame nyika bila kizuizi. Picha inayowaonyesha wakiwa wameketi hapo imechapishwa mara nyingi katika vitabu vya historia ya reli.

Pale Kapiti, wapagazi zaidi ya 200 walikuwa wakimsubiri. Mwanawe, Kermit, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupiga picha za msafara. Kutokana na kamera na kalamu zao, kituo hicho cha porini kiliingia katika historia ya dunia.

Hata hivyo, msomaji anayetaka kujua ni nani aliyekuwa akiongoza stesheni siku hiyo, ni nani aliyebadilisha njia ili garimoshi liingie, au ni nani aliyetia kuni kwenye tanuri la injini, hatapata jibu katika picha hizo. Wakubwa wana majina. Waliowahudumia ni vivuli tu.

Hiyo ndiyo kasoro ya picha nyingi za reli ya zamani, lakini pia ndiyo sababu zinastahili kutazamwa upya. Treni ya usiku ya abiria iliyopitia Kapiti katika reli ya kale ilisitishwa 2017, na vituo vingi vidogo vilivyokuwa vikiisubiri vimepoteza kazi, watu na hata majengo. Kwa baadhi yavyo, picha ya treni iliyosimama kwa dakika chache ndiyo ushahidi pekee kwamba palikuwa na maisha mahali hapo.

Ili kufahamu uzito wa picha hizo, ni sharti kwanza ieleweke kwa nini vituo vilijengwa mahali ambapo hapakuwa na mji wala soko.

Ujenzi wa Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa, ulianza Mombasa mwezi Mei 1896. Reli ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mnamo 1899, na ikafika ufuo wa Ziwa Victoria, katika bandari iliyoitwa Port Florence ambayo sasa ni Kisumu, Desemba 1901. Urefu wake wote ulikuwa takriban maili 582.

Reli hiyo ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zinazokutana uso kwa uso haziwezi kupishana isipokuwa mahali ambapo njia imegawanyika kuwa mbili kwa masafa mafupi, moja isimamishe treni inayosubiri na nyingine iipitishe inayoendelea. Kwa hivyo, kila baada ya maili kadhaa ilibidi pawe na kituo cha kupishania, hata kama hapakuwa na abiria wa kupanda.

Katika kituo hicho palihitajika mtu wa kuwasiliana na vituo jirani, kwanza kwa telegrafu na baadaye kwa simu, ili kuhakikisha kwamba njia iliyo mbele haina treni nyingine. Dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka akabidhiwe kibali. Kosa dogo la karani mmoja wa nyikani lingeweza kuyatoa maisha ya mamia ya watu.

Sababu ya pili ilikuwa maji. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokatika, na eneo la Taru na nyika iliyoendelea baada yake lilikuwa kame. Matangi yalijengwa njiani, na palipokuwa na tangi palikuwa na watu wa kulitunza.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa majina ambayo wasafiri wa zamani waliweza kuyataja kwa mpangilio kama tasbihi: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, Voi, na kuendelea hadi Kenani, Darajani, Masongaleni, Kibwezi, Makindu, Simba, Kima, Kiu, Ulu, Konza na Kapiti.

Kila kituo kilikuwa na familia zake. Nyumba za wafanyakazi wa reli ziliitwa landi, neno ambalo lingali hai katika jina la mtaa wa Landi Mawe jijini Nairobi. Watoto walizaliwa humo, kuku walifugwa, na treni ilipowadia akina mama walikimbilia madirishani na ndizi, mayai na chai. Kwa wakazi wa karibu, saa ya ukutani haikuwa na haja. Honi ya treni ilitosha.

Kumpata nani wa kupiga picha ya maisha hayo lilikuwa suala jingine. Kamera za miaka ya ujenzi zilitumia vioo vizito vilivyopakwa dawa, na ziliwekwa juu ya miguu mitatu ya mbao. William D. Young, ambaye picha zake za ujenzi wa reli zimehifadhiwa hadi leo, alilazimika kuandamana na mizigo ya aina hiyo katika jua na vumbi.

Hata baada ya filamu za rangi kuenea, kuinasa treni bado ilikuwa kazi ya subira na hesabu. Treni inayokwenda kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa husonga mita 11 kila sekunde. Mlango wa kamera ukifunguka kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, kama ilivyolazimu wakati wa mwanga hafifu, treni itakuwa imesogea zaidi ya sentimita 35 kabla mlango haujafungwa. Picha itatoka kama moshi.

Ndiyo maana kituo kidogo kilimfaa mpiga picha kuliko daraja au kilima. Treni iliyosimama kusubiri mwenzake ilimpa nafasi ya kuchagua pa kusimama, kupima mwanga na kuwapata abiria wakiwa wamechungulia. Isitoshe, vituo vingi vya nyikani havikuwa na jukwaa refu la kupandia, hivyo treni ilionekana nzima, kuanzia paa hadi magurudumu na changarawe.

Tatizo kuu lilikuwa ratiba. Katika miaka yake ya mwisho, treni ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa iliondoka jioni, mwendo wa saa moja, na kufika asubuhi iliyofuata. Maana yake ni kwamba sehemu ya katikati, ambako Tsavo, Kenani, Mtito Andei na Darajani zilipo, ilipitwa gizani.

Athari ya jambo hilo haijazingatiwa vya kutosha. Ratiba iliyowekwa ili kuwafaa abiria ndiyo iliyoamua ni vituo vipi vitakumbukwa na ni vipi vitasahaulika. Vile vilivyokuwa karibu na miisho ya safari vilipigwa picha. Vile vya katikati vilionekana na abiria kama taa moja ya karabai na sauti ya mtu akizungumza nje ya dirisha.

Kapiti ilikuwa na bahati katika hilo. Treni iliyotoka Mombasa ilizifikia mbuga za Konza na Kapiti baada ya jua kuchomoza, huku ile iliyotoka Nairobi ikipambazukiwa upande wa Pwani.

Lakini mwanga nao ulikuwa na masharti yake. Reli hiyo kwa jumla inaelekea kaskazini magharibi kutoka Mombasa. Asubuhi jua huwa nyuma ya treni inayokwenda Nairobi, hivyo uso wa injini hubaki kivulini na mpiga picha hulazimika kuhamia ubavuni. Treni inayoteremka Mombasa, kinyume chake, hulikabili jua, na uso wake hung'ara.

Majira ya mwaka pia yalihesabiwa. Mwezi Juni jua huchomoza likiwa limeelemea kaskazini, na asubuhi huangaza vyema ubavu wa treni ulio upande huo. Mwezi Desemba huelemea kusini, na mwanga hukaribia kufuata mkondo wa reli yenyewe. Saa sita mchana, mahali palipo karibu hivyo na ikweta, jua huwa juu ya vichwa, na nyuso za abiria madirishani humezwa na kivuli cha paa.

Kwa sababu hizo, kuchelewa kwa treni, jambo lililowakera wasafiri miaka nenda miaka rudi, kulikuwa neema kwa wapiga picha. Treni iliyochelewa kwa saa kadhaa iliweza kukutwa na mchana katika vituo ambavyo kwa ratiba ilivipita usiku. Baadhi ya picha za treni ya abiria katika maeneo ya katikati zisingepatikana kama kila kitu kingekwenda kwa wakati.

Kulikuwa pia na suala la ruhusa. Stesheni na madaraja yalihesabiwa kuwa mali muhimu ya nchi, na mtu aliyeonekana akiyapiga picha bila kibali aliweza kushukiwa kuwa na nia mbaya. Mgeni aliyebeba barua rasmi aliachwa aendelee na kazi yake. Mwenyeji, hata kama angekuwa na uwezo wa kununua kamera, aliona afadhali asijitafutie balaa.

Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya picha za reli ya Kenya zilipigwa na watu waliovutiwa zaidi na injini. Wengi walizifuata zile kubwa za aina ya 59, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 252, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Injini namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Watu hao wanastahili shukrani, kwani bila wao kusingekuwa na kumbukumbu. Kitabu cha Kevin Patience, Steam in East Africa, kilichotolewa 1976, kilichapishwa wakati injini za mvuke zikikaribia mwisho wake. Mkenya Mohamed Amin naye, kwa ushirikiano na Duncan Willetts na Alastair Matheson, alitoa Railway Across the Equator mnamo 1986, miaka 10 kabla ya kufariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro.

Vituo vyenyewe havikufa kwa siku moja. Pigo la kwanza lilikuwa kuondoka kwa mvuke. Injini kubwa za dizeli zilianza kuwasili 1960, na kufikia 1980 injini za aina ya 59 zilikuwa zimeacha kazi ya kawaida. Dizeli haisimami kunywa maji kila baada ya maili kadhaa. Tangi likawa pambo, na mtunzaji wake akahamishwa.

Pigo la pili lilikuwa barabara. Basi na matatu ziliwachukua abiria karibu na milango yao, kwa saa waliyoitaka, ilhali treni iliwadai waende stesheni usiku na wangoje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja la reli liligawanyika, na Kenya ikabaki kuitunza njia ndefu ambayo mapato yake yalizidi kupungua. Kampuni ya Rift Valley Railways iliyokabidhiwa uendeshaji mwaka 2006 nayo haikuweza kuvirudishia uhai vituo vidogo.

Pigo la mwisho lilikuwa reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi kuanzia 31 Mei 2017. Kati ya miji hiyo miwili ina vituo saba tu vya abiria: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Safari iliyochukua usiku mzima sasa huchukua takriban saa tano.

Hakuna msafiri anayeililia saa alizookoa. Lakini Kapiti, Ulu, Kiu, Kima, Darajani na Kenani hazimo katika orodha hiyo. Jina likiondoka kwenye ratiba, hufuata kibao cha stesheni, kisha mabati, milango na madirisha, na hatimaye mawe ya ukuta hugeuka msingi wa nyumba nyingine. Mvua chache zikinyesha, nyasi hufunika kilichosalia.

Hapo ndipo picha inapogeuka kuwa hati. Tatizo ni kwamba picha nyingi zilizomo katika majumba ya watu hazina maelezo yoyote nyuma. Kwa bahati nzuri, treni yenyewe huacha alama zinazoweza kusomwa.

Alama ya kwanza ni herufi zilizoandikwa ubavuni mwa injini au mabehewa. Herufi UR ni za Reli ya Uganda, jina lililotumika hadi 1926. KUR ni za Reli ya Kenya na Uganda iliyofuatia. EAR&H ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia 1969 bandari zilitengwa na kubaki EAR, na baada ya 1977 zikaja KR za Shirika la Reli la Kenya.

Alama ya pili ni injini. Picha yenye injini ya aina ya 59 haiwezi kuwa ya kabla ya 1955. Hata hivyo, jina lililo kwenye injini lisimpotoshe mtazamaji. Injini iliyoitwa Mount Gelai iliweza kupigwa picha Mazeras au Makindu, mbali kabisa na mlima wenyewe.

Alama ya tatu ni kibao cha stesheni. Vibao vingi viliandikwa jina pamoja na mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa futi. Hata jina likiwa limefifia, tarakimu ya mwinuko inaweza kukitambulisha kituo. Tarakimu inayozidi futi 9,000, kwa mfano, humpeleka mtafiti moja kwa moja Timboroa, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa.

Alama ya nne ni kivuli. Kivuli kirefu huonyesha asubuhi au jioni, na kikilinganishwa na mwelekeo wa reli huweza kueleza treni ilikuwa ikipanda au ikiteremka.

Alama ya tano haisomeki kwa macho. Ni majina ya watu. Hakuna herufi ubavuni mwa behewa itakayosema kwamba yule aliyeshika bendera ya kijani alikuwa baba wa fulani, au kwamba mama mwenye sinia la ndizi aliwasomesha watoto wake kwa senti za dirishani. Maarifa hayo yamo vichwani mwa wazee waliostaafu reli na watoto waliokulia landi, nao wanazidi kupungua.

Jambo hilo si la kale pekee. Katika miaka ya mwisho ya treni ya usiku, abiria wengi walikuwa na simu zenye kamera, na pengine vituo vidogo vilipigwa picha nyingi zaidi katika kipindi hicho kuliko awali. Lakini simu huibwa, huanguka majini na hubadilishwa. Picha ya karatasi ya 1965 iliyowekwa ndani ya sanduku la bati ina nafasi nzuri ya kuonekana kesho kuliko ya 2016 iliyobaki ndani ya simu iliyokufa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye picha ya aina hiyo hahitaji utaalamu wa makavazi ili kuiokoa. Anahitaji penseli laini, kwani wino huweza kupenya na kuharibu upande wa pili, na anahitaji kuandika mambo manne nyuma ya picha: mahali, mwaka hata kama ni wa kukadiria, waliomo, na jina la aliyempa maelezo hayo. Aliye na picha za simu na azitie mahali pa pili, na kila moja aipe jina la kituo badala ya tarakimu za kamera.

Reli ya kale haijafa yote. Treni za abiria zilirejeshwa katika njia ya Nanyuki mnamo 2020 na ya Kisumu mwishoni mwa 2021, baada ya ukarabati wa njia zilizokuwa zimeachwa kwa miaka. Huenda vituo vingine vikafufuka, na vingine visifufuke kamwe.

Wapagazi waliosubiri Kapiti mwaka 1909 hawawezi tena kuulizwa majina yao. Waliofanya kazi katika stesheni hizo baada ya uhuru wangali wanaweza, mradi mtu aende kuwauliza akiwa na picha mkononi.